Hati ya mji: nani anaweza kuirarua?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mdogo wangu anaishi Texas, Marekani, katika mji mdogo ambao juzi tu umepita watu 5,000. Kila Jumapili akipiga simu hadithi ni ile ile: baraza la mji linaunga mkono mji uwe na hati yake wenyewe, ujitawale, na wakazi wataitwa kupiga kura. Ananiuliza mimi apige ipi, mimi muuza mitumba wa Gikomba! Nikabaki najiuliza: sisi Nairobi tunayo hati kama hiyo? Kama tunayo, mbona sijawahi kuipigia kura?
Dada Mkubwa, Kariobangi Kusini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukuipigia kura kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Hati ya Nairobi ilitoka kwa mfalme wa Uingereza, George wa Sita, ikaletwa na Duke wa Gloucester tarehe 30 Machi 1950. Wazee wetu wa Pumwani na Kaloleni walisikia tu kwamba sasa wanakaa jijini.

Na haikutukinga. Mwaka 1983 serikali kuu ililivunja baraza ikaleta tume, nayo ikakaa mpaka 1992. Mimi nilikuwa karani kijana, napiga taipu kumbukumbu za vikao. Kila diwani nilikuwa na kadi yake: jina, wadi, kamati anazokaa. Asubuhi moja nikaambiwa nizitoe mezani. Nilizitia kwenye boksi la viatu vya Bata nikalisukuma chini ya meza, nikidhani ni mambo ya miezi miwili mitatu. Panya walizifikia kabla ya uchaguzi.

Leo kaunti yetu inasimama juu ya Katiba ya 2010, na hilo ni jiwe zito kuliko barua ya mfalme. Lakini hati za miji hapa kwetu bado hushuka kutoka juu: Nakuru ilikabidhiwa yake na rais tarehe 1 Desemba 2021, Eldoret tarehe 15 Agosti 2024, baada ya Seneti kukubali. Mkazi anaalikwa kushangilia.

Kule kwa mdogo wako mambo huanzia chini. Tangu 1912 katiba ya Texas inaruhusu mji wenye watu zaidi ya 5,000 kujiandikia hati. Tume ya watu wasiopungua 15 ndiyo huandika, na kila mpiga kura aliyesajiliwa hutumiwa nakala kwa posta siku 30 kabla ya kura. Hapo nimeona wivu, nisikufiche. Sisi mswada wa fedha wa kaunti tunausikia kwa kanjo, askari wa kaunti, anayekuja kudai leseni.

Basi nakala ikifika, asisome dibaji, zote hupendeza. Afungue penye kodi. Mji mdogo usio na hati hauwezi kutoza kodi ya mali zaidi ya dola 1.50 kwa kila dola 100 za thamani. Ukiwa na hati, kikomo kinapanda hadi 2.50. Baraza likishabikia jambo sana, mimi huangalia mfuko kwanza. Hati yenyewe inaweza kuweka kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo atafute kama kimewekwa. Kisha atafute kifungu cha kumng'oa diwani kabla muda wake haujaisha. Bila hati, mji wake hauna njia hiyo kabisa.

Asidhani pia kwamba jimbo litawaacha. Mwaka 2023 bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuibana miji, hata yenye hati, isitunge kanuni zake katika mambo kadhaa, kazi na kilimo yakiwemo. Sisi tulionja ya kwetu Februari 2020, gavana wetu alipotia saini mkataba Ikulu, na afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji vikahamia serikali kuu mpaka 2022. Madiwani wa wadi 85 walikuwepo, kazi haikuwepo.

Ningekuwa mimi: kikomo cha kodi kimo na kifungu cha kumng'oa diwani kimo, napiga ndiyo. Kimoja kikikosekana, hapana, warudi wakaandike upya. Mwambie aupige picha ule ukurasa wa kodi akutumie, nawe unitumie. Miwani ninayo.