Sanamu za miungu ya Kihindu: uso uuache mwisho

Mara ya kwanza kuingia ukumbi wa sanamu za shaba katika Makumbusho ya Serikali pale Egmore, Chennai, kusini mwa India, nilitoka na picha tele kwenye simu na sikujua hata moja ni ya nani. Nilikuwa natazama nyuso. Nyuso zile ni kama za mapacha: zote changa, zote tulivu. Mungu wa vita na mungu wa rehema, tabasamu ni lile lile.

Niliporudi, mlinzi mmoja mzee aliniona nimeganda mbele ya sanamu. Hakusema kitu. Aliinua mikono yake miwili, akanyoosha vidole, kisha akanionyesha vidole vya sanamu.

Kwa hiyo anza na mikono. Vishnu ana minne, na vitu vyake ni rungu, yungiyungi, gurudumu la vita na kome la baharini linalopulizwa kama baragumu. Kubadilishana kwa vitu hivyo mikononi kunatoa maumbo yake 24, kila moja na jina lake, lakini usijitese na hayo mwanzoni. Shiva wa kusini mwa India mara nyingi hushika shoka na paa mdogo. Wote wawili hubana vitu vyao vya mikono ya juu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeshika sigara, ndiyo maana nilikuwa nawachanganya.

Mikono ikiwa imevunjika, na ya mawe huvunjika sana, panda kichwani. Vishnu huvaa taji refu kama ndoo iliyogeuzwa. Shiva ana rasta, amezirundika juu, na humo utakuta mwezi mwandamo na nyoka. Kisha tazama masikio, jambo ninalolipenda kuliko yote: hereni za Shiva mara nyingi hazifanani. Moja ni ya kiume, nyingine ya kike, maana nusu yake ni mkewe Parvati.

Mwisho shuka miguuni. Fahali ni wa Shiva, panya wa Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, tausi wa Murugan, mungu wa vita. Mwanamke aliyepanda simba akipambana na mtu mwenye kichwa cha nyati ni Durga. Nenda Mahabalipuram, mji wa pwani karibu na Chennai, umwone alivyochongwa kwenye mwamba tangu karne ya 7. Na Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, mtazame chini: kuna kibwengo anakanyagwa. Huyo ni ujinga. Mkono mmoja wa kushoto umepita mbele ya kifua ukielekeza kwenye mguu ulioinuliwa, kama kusema kimbilia hapa.

Kwenye vitako vya sanamu za shaba za Chola, ufalme wa kale wa kusini mwa India, utaona matundu au vishikizo. Vilipitishwa miti ya kubebea, kwa sababu sanamu hizi zilitembezwa mitaani siku za sikukuu, zimevishwa hariri na maua. Ule mwili tunaousifu makumbusho, waumini wa barabarani waliuona kidogo sana.

Ukitaka kununua, jihadhari. Sheria ya India ya 1972 inakataza mtu binafsi kusafirisha nje sanamu yenye umri wa miaka 100 au zaidi. Muuzaji akikuambia ni ya kale na atakutumia hadi nyumbani, basi ama anadanganya ama ni mali ya wizi. Hata wakubwa hunaswa: Australia ilinunua Shiva mchezaji wa hekalu la Sripuranthan mwaka 2008 kwa dola milioni kadhaa, ikamrudisha India mwaka 2014.

Mimi niliuziwa Ganesha "wa miaka mia tatu". Weusi wake ulibaki kwenye leso yangu siku ile ile. Hadithi yake ni kwamba alivunjika pembe moja, na kipande hukishika mkononi. Wangu kipande anacho mkononi, na mdomoni pembe zote mbili ni nzima.