Re: Sauti ya mashine inaniambia nibonyeze 1 niweke namba ya siri

Mkuu, hao ni matapeli, usibonyeze kitu. Umesema sauti ilidai akaunti yako ya simu itafungwa leo usipohakiki. Benki au mtandao wa simu hawana haja ya kukuuliza namba ya siri. Unaiweka mwenyewe unapofanya muamala, basi. Hata ukibonyeza 2 "kujiondoa", wanajua tu kwamba namba ina mtu.

Kama wewe ndiye uliyepigiwa, usimwamini aliyepiga kwa vile anakujua jina. Jaribu kutuma pesa kwa namba yoyote uone: jina linatokea kabla hujathibitisha. Hapo ndipo wazee wetu wa Mbagala wanapoingizwa mjini.

Kata, kisha piga 100 mwenyewe, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uulize. Namba ya tapeli iripoti kwa SMS kwenda 15040, ni bure. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Usiyoitambua nenda duka la mtandao husika waifute.

Ila kama ulishaweka hiyo namba ya siri, acha kusoma hapa, ibadilishe sasa hivi, ndiyo upige 100.