Kuhusu tezi dume ya baba yako

Mwanangu Salimu,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, baba yako kalala. Unauliza kama kweli ultrasaundi inatibu tezi dume bila kisu, na kama tuuze shamba la Muheza tumpeleke India.

Kutibu inatibu. Unakumbuka kioo cha babu yako cha kukuzia maandishi, ulivyokuwa ukikusanya jua nacho mpaka jani kavu linafuka moshi? Jua lilelile lilikupiga mkononi wala hukuungua. Mawimbi ya sauti ya ultrasaundi nayo ni hivyo. Yale ya kumtazamia mtoto tumboni hayachomi kitu. Haya ya kutibia ni makali, na yanaelekezwa yakutane mahali padogo kama punje ya mchele. Hapo joto linapita nyuzi 80 kwa sekunde chache, nyama inakufa, na ya njiani inasalimika. Kisha wanahamia punje nyingine, na nyingine, hata saa zikapita.

Ila hiyo "bila kisu" isikudanganye ukadhani ni kazi nyepesi. Chombo kinaingizwa njia ya haja kubwa, mgonjwa yuko kwenye ganzi au usingizi. Tezi ikiunguzwa huvimba kwanza, kwa hiyo anarudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa. Na mpira ndio huohuo unaomliza baba yako sasa.

Kubwa zaidi ni hili. Marekani waliidhinisha tiba hiyo kwa tezi dume Oktoba 2015, na wanaofanyiwa wengi ni wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi. Majibu ya kinyama alichokatwa baba yako kwenye tezi kikapimwe yametoka Ijumaa: si saratani, alhamdulillahi. Tezi imekua tu, ikaubana mrija wa mkojo. Kwa ukuaji wa namna hiyo madaktari wa Vienna waliyajaribu mawimbi haya miaka ya 1990, na kabla miaka 4 haijaisha, wagonjwa zaidi ya 40 katika kila 100 walilazimika kwenda kukwanguliwa tezi. Sasa kukwanguliwa ndiko daktari wetu anakotaka kuanza nako: wanapitia njia ya mkojo, tumbo haliguswi. Nimeuguza wanaume wengi waliofanyiwa hivyo miaka yangu ya wodini. Mkojo wao huwa na damu siku za mwanzo, usije ukashtuka ukimwona.

Ingekuwa saratani na daktari akasema mawimbi yatamfaa, shamba ningeliuza mimi kabla hujauliza. Kwa hili, hapana.

Mpigie simu baba yako. Tangu awekewe mpira haendi msikitini, anaona aibu na ule mfuko, na mimi hanijibu zaidi ya neno moja. Anza na machungwa ya shambani, muulize kama yameanza kuiva, habari za tezi zije baadaye. Halafu mwambie utakuwepo. Analazwa Jumatano, na wodi ya wanaume sitaruhusiwa kulala naye.

Mama yako