Kisima bado kinakauka? Angalia nyasi kwanza

Kuna msomaji kaniandikia wiki hii. Alipanda miti kwenye shamba lake la mteremko, huu mwaka wa pili, na kisima cha chini ya shamba bado kinakauka kila kiangazi. Anataka kuifyeka yote alime alizeti. Namjibu hapa hapa, maana najua mko wengi mliorudi kijijini mkitaka ardhi ya wazee irudie uhai.

Ndugu yangu, mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote itolewe kwenye vilima vilivyomomonyoka, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wazee wanalisimulia jambo hilo kwa uchungu hadi leo, maana ng'ombe ndiyo benki. Ila waulize hao hao nini kilifuata. Nyasi na vichaka vilirudi, na sehemu kubwa havikupandwa na mtu. Vilichipua vyenyewe baada ya kwato kuondoka.

Hicho ndicho nilichokiiga. Nilipotangaza kwamba kipande alichoniachia mama hakilimwi wala hakichungwi, ukoo ulicheka. Mjomba alisema msibani, mbele ya watu, kwamba nilisomeshwa ili nije kufuga majani. Sijasahau. Nikazungusha ua wa minyaa, nikaacha visiki vichipue, nikapogolea machipukizi mazuri. Miaka ya mwanzo haina hadithi. Nyasi ziliota, basi.

Hadithi ni ya kopo. Chukua kopo la maziwa ya unga, toa kitako, ligongelee ardhini hadi nusu, mimina maji, utazame saa. Jaza tena na tena palepale, kwa sababu ardhi kavu hunywa haraka mwanzoni ikakudanganya. Kwenye njia ya ng'ombe nje ya ua maji yalikaa nikachoka kusubiri. Ndani, chini ya nyasi, yalizama dumu likiwa bado mkononi. Na miti yangu wakati huo haijanifika kiunoni!

Sababu yake ni hii. Tone la mvua likipiga udongo mtupu huvunja chembe, vumbi laini likaziba matundu, juu pakafanya gamba, maji yakateremka. Nyasi na majani makavu hulipokea tone kabla halijaumiza. Kisha mchwa wanafuata majani hayo na kutoboa njia, mizizi inayokufa inaacha mirija, mboji inashikanisha udongo. Kazi hiyo inaongezeka mwaka hadi mwaka.

Kisima huchelewa zaidi. Maji yaliyozama hushibisha kwanza udongo wa juu, na miti nayo inakunywa. Kinachobaki ndicho kinachoshuka. Ndiyo maana usijaze miti kama shamba la mkonge. Watafiti waliofanya kazi Burkina Faso walichapisha mwaka 2016 kwamba maji mengi zaidi hufika chini pale miti ilipo ya wastani: ikikosekana yanapotea juu, ikisongamana inayamaliza yenyewe. Watu wanapenda kupiga picha na miche. Nani amewahi kupiga picha na mchwa?

Msimu uliopita, mvua kubwa ilipopiga, mfereji wa upande wa mjomba ulishusha tope jekundu. Wa kwangu ulitoa maji kidogo, tena safi. Kisima changu kilivuka kiangazi chote, na wajukuu wa mjomba walikuwa wanakuja na ndoo. Nawapa. Mzee mwenyewe sijamwambia kitu, ila leo nimeandika.

Kwa hiyo acha panga. Pima kwa kopo ndani na nje ya shamba, na upime tena kila mwaka, udongo ukiwa katika hali ileile. Nyasi zisichomwe. Majani yasifagiliwe, najua mama zetu wanapenda uwanja msafi, lakini shamba si uwanja. Kama ulichopanda ni mikaratusi karibu na kisima, hiyo ndiyo uitoe, halafu visiki vya asili uvipogolee vikue. Nyasi zisichomwe, narudia. Na ng'ombe wabaki nje, hata wa shemeji yako, hata kwa siku moja tu wakati wa masika, kwa kuwa kwato kwenye udongo uliolowa ndizo zinazoushindilia kuliko wakati wowote.