Pesa ya kutunza naipokea

Swali la wiki lilikuwa: je, anayeandika maisha yake kwenye blogu binafsi apate pesa kwa maandishi hayo? Apate. Mimi napata, kidogo mno, na nimewahi kupata kwa njia ambayo sitairudia.

Naishi Ngamiani, Tanga. Asubuhi nauza mihogo ya kukaanga na chachandu; usiku watoto wakilala naandika: ugomvi wa kwenye bomba la maji, bibi anavyopika pweza wa nazi, mume aliyeondoka akaacha baiskeli. Kaka yangu hapendi habari ya malipo. Kila tukikutana ananitajia Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, eti hakuandika kwa ajili ya pesa. Haya, kaka. Lakini alikuwa karani wa serikali, mwisho wa mwezi mshahara upo. Mimi nina beseni la mihogo. Anayetaka watu waandike kwa mapenzi matupu ameshachagua nani ataandika.

Maana kuandika nako kunakula pesa. Bando tuliache. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka, mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Kanuni zimeshabadilishwa, ila mwaka ule nilifunga daftari. Matangazo ya Google nayo hayakutumii kitu mpaka hesabu yako ifike dola 100, na wasomaji wangu, wengi wao mashangazi wa watu, hawabonyezi tangazo hata kwa bahati mbaya.

Sasa ile njia nyingine. Hoteli moja hapa mjini ilinipa 30,000 nisifie pweza wao. Sikumwonja. Niliandika kwa kumbukumbu ya pweza wa bibi: tui zito, ndimu, pilipili mbuzi inayonukia. Yalikuwa maandishi mazuri, tena mazuri kuliko mengi niliyoandika bure, na hapo ndipo ubaya wake. Msomaji wangu mmoja akapanda basi kutoka Korogwe na mumewe, sikukuu ya Idi, wakaletewa kitu kama mpira wa tairi kwenye maji meupe. Alinipigia akiwa bado mezani. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Dada, wewe ulikula hiki?"

Nilikosa jibu, nikakata simu kama mtoto.

Tangu siku ile nafikiria taarabu. Mwimbaji akikugusa unanyanyuka, unacheza mpaka mbele, unamtunza noti, unarudi kitini. Hakuna anayesema wimbo umeharibika. Lakini kuna yule anayemfuata mwimbaji mchana, nyumbani kwake, na bahasha, ili usiku mke mwenzie apigwe kijembe. Ukumbi mzima unajua. Watu wanacheka, wanapiga vigelegele, ila neno la mwimbaji yule halimwingii tena mtu moyoni. Noti ni zilezile. Moja imefuata wimbo, nyingine imeutangulia.

Basi nimeweka namba yangu ya simu chini ya kila andiko. Anayeguswa anatuma: 500, 1,000, mwezi uliopita mama mmoja katuma 5,000 na ujumbe, "ya chumvi". Hazinifanyi tajiri. Zinanunua bando na zinabaki za unga, na wenye kuzituma wameshasoma, kwa hiyo hakuna ninachopaswa kukipinda. Kaka anasema hiyo ni kuomba. Yeye kwenye harusi ya binamu yetu alimtunza mwimbaji mpaka akakosa nauli ya kurudi Chumbageni, nikamlipia mimi kwa hela ya mihogo.

Ile hoteli imenitafuta tena juzi. Wamefika 50,000. Nimewajibu kwamba nitakuja kula kwanza, siku nisiyoitaja, na sahani nitailipa mwenyewe. Mpaka naandika haya, hawajajibu.

Msomaji, Ngamiani, Tanga