Mfanyakazi wangu ameondoka na siri ya biashara: sheria ya Kenya yasemaje?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye biashara ndogo, na karibu wote wameandika maji yakiwa yameshamwagika. Nimechagua tano.

Natengeneza achari ya ndimu hapa Mombasa, nauza madukani na hotelini. Kijana niliyemfunza kazi ameondoka, na sasa achari yenye ladha ileile iko sokoni. Hoteli zangu anazipigia simu yeye. Hatukuandikiana chochote. Je, nina haki?

Unayo, dada, hata bila karatasi. Bunge letu halijatunga sheria mahsusi ya siri za biashara. Lakini Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaziruhusu korti zetu kufuata misingi ya sheria ya Uingereza ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa mazingira yetu. Miaka miwili kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1895, iliamuliwa huko kesi ya Robb dhidi ya Green. Green alikuwa meneja wa muuzaji wa ndege wa kuwindwa na mayai yao. Kabla ya kuacha kazi alinakili majina ya wateja kwenye daftari la tajiri wake, kisha akafungua biashara kama ileile. Alishindwa kesi, kwa kuwa mfanyakazi ana wajibu wa uaminifu kwa mwajiri hata kama haukuandikwa popote.

Kwa hiyo jiulize kwanza: namba za hoteli alizitoa wapi? Kama alizipiga picha kwenye daftari lako au alijitumia kwa WhatsApp kabla ya kuondoka, una kesi nzuri. Kama anazikumbuka tu hoteli mbili tatu alizokuwa akizipelekea mzigo, kesi yako ni dhaifu.

Achari yenyewe ni suala jingine. Korti zetu hutumia kipimo cha kesi nyingine ya Uingereza, ya Coco dhidi ya kampuni ya Clark, ya mwaka 1968. Habari yenyewe iwe kweli ni ya siri, iwe ilitolewa katika hali inayomfanya mpokeaji ajue ni amana, na awe ameitumia bila idhini kwa hasara ya mwenyewe. Coco alikuwa amebuni injini ya pikipiki ndogo, na hata hivyo alinyimwa zuio, yaani amri ya korti ya kumkataza mtu kufanya jambo, kwa sababu hakuonyesha vya kutosha kwamba alichowaambia Clark kilikuwa siri. Hapo ndipo wengi wenu mnapoangukia. Kama vipimo vya bizari na siki umevibandika ukutani, na kila anayekuja kununua anapita hapo uani, utamwambia nini hakimu? Ila kama viungo ulikuwa ukivipima peke yako na kuvileta vikiwa vimeshachanganywa, na huyo kijana ukamfundisha yeye tu, hiyo ni amana, na mashahidi wa hilo unao nyumbani kwako.

Na usichelewe. Kipimo chetu cha zuio la muda, tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, kinauliza kama hasara yako itaweza kulipika kwa pesa. Siri ikishaenea haikusanyiki tena, na hoja hiyo ina nguvu leo kuliko itakavyokuwa baada ya miezi sita.

Mwenye saluni Nakuru anataka nitie sahihi kwamba nikiondoka sitafanya kazi ya nywele popote Kenya kwa miaka mitano.

Usitie sahihi kabla ya kumwomba alipunguze sharti hilo. Sura ya 24, sheria ya mikataba inayozuia mtu kufanya kazi yake, inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kulifuta sharti kama hili ikiona muda wake, eneo lake au aina ya kazi vinazidi kinga anayostahili mwajiri. Nchi nzima, miaka mitano, kwa msusi? Siioni korti ikilikubali. Uingereza, mwaka 1986, kampuni ya Faccenda Chicken ilimshtaki meneja wake wa zamani, Fowler, aliyeanza kushindana nayo kwa kuuza kuku kwenye magari ya friji, ikashindwa. Ujuzi ulioingia mikononi mwako ni wako. Nalisema hili kwa uchungu, maana naona mikataba ya namna hii ikipewa wasichana wanaolipwa kwa kichwa, na wengi hawajui kwamba wanaweza kuipinga.

Siri ya biashara inasajiliwa wapi?

Haisajiliwi popote. Taasisi ya KIPI husajili alama za biashara na hataza (haki ya mvumbuzi, yaani patent), na hataza lazima uianike hadharani.

Nimeunda mashine ya kukatakata mabua ya ng'ombe. Niifiche au niisajili?

Isajili. Atakayeinunua ataifungua kwa spana na kuiiga, na hapo hajavunja siri ya mtu. Hataza hudumu miaka 20, cheti cha modeli ya matumizi (kinga ya uvumbuzi mdogo) miaka 10, na cha pili ndicho kinachowafaa zaidi mafundi wa jua kali. Kama umeshaionyesha watu, una miezi 12 tu ya kupeleka maombi.

Nafungua tawi Kampala. Kinga ya huko ikoje?

Imeandikwa wazi kuliko yetu. Uganda ina Sheria ya Kulinda Siri za Biashara ya mwaka 2009. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu haki za ubunifu, unadai kinga hii katika kifungu cha 39, na nchi maskini zaidi, Uganda ikiwemo, zimeongezewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034. Kenya haimo katika kundi hilo. Inabanwa na mkataba huo tangu mwaka 2000, na hadi leo tunategemea kesi za wauza mayai wa karne ya 19. Zinatosha kwa mwenye wakili mzuri. Mama wa achari anastahili kifungu anachoweza kukisoma mwenyewe.

Wewe andikiana na wafanyakazi wa Kampala mkataba wa kutunza siri, utaje sheria ya Uganda, na mtie sahihi kabla hujawaonyesha chochote.