Umemfungia bibi jiko, halafu unaniuliza mimi arudi lini kwake

*Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi, nauza duka mjini natoka saa kumi na mbili jioni. Mume wangu anapandisha wageni mlimani, akienda ni siku saba. Mwezi wa pili mama mkwe alishuka kutoka Kibosho kwa ajili ya kliniki ya macho, na mwezi wa tatu dada wa kazi akaondoka. Tangu hapo jiko langu halitamaniki. Anamfundisha kijana wangu wa miaka 9 kupika, nikirudi ni maganda ya ndizi chini, utomvu kwenye tailizi, masufuria yote nje ya kabati, ile nonstiki yangu wameisugua na majivu mpaka imebaki bati, shati jeupe la shule lina madoa hayatoki. Saa nyingine anawasha jiko la mkaa ndani eti baridi. Chakula ndo nakuta kimeiva lakini kwa fujo ile hata hamu inaisha. Na mtoto wa kiume kweli ashinde jikoni? Nimeongea nimechoka, wiki mbili sasa nimeweka kufuli mlango wa jikoni, asubuhi natoka na ufunguo. Mama mkwe kanuna anasema anarudi kwake, mume wangu hasemi kitu. Kabla ya kufuli mtoto aliniambia eti bibi anapika ila mama anachemsha, baba yake akacheka. Nimwambieje mume wangu amrudishe mama yake bila mimi kuonekana mbaya? Mama wa Pasua.*

Marahaba mwanangu. Pole. Kusimama dukani kutwa halafu ukifika mlangoni unakanyaga ganda la ndizi si mchezo, hilo nimelielewa, na pole nimeshakupa, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona maganda. Mara ya pili nikaona kale kamstari kako, "chakula ndo nakuta kimeiva", umekapitisha haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Ngoja tukae hapo hapo. Dada wa kazi kaondoka mwezi wa tatu, hujaniambia kama umeleta mwingine, kwa hiyo hujaleta. Mtoto akitoka shule anampokea nani? Na yule mdogo, ambaye hata umri hujamtaja, yuko na nani wewe ukiwa dukani na baba yake yuko mlimani? Ni huyo huyo mama mwenye macho mabovu aliyeshuka mjini kutibiwa akajikuta analea wajukuu wawili, anapika, hana mshahara, na hana hata siku ya kupumzika ambayo dada wa kazi alikuwa nayo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa kwako jembe kalichukua mwenyewe, we ukaenda kumnyang'anya ukalifungia ndani.

Hebu liseme hilo la kufuli kwa sauti ukiwa peke yako chumbani, usikie linavosikika. Umemfungia mama mzazi wa mumeo jiko, kutwa, wiki mbili. Mchana wanakula nini hao watatu? Maandazi ya dukani na soda? Na akitaka maji ya moto ya kumezea dawa anakwenda kuomba kwa jirani? Kama anakwenda, basi mtaa mzima unajua, na hilo la "bila kuonekana mbaya" limeshakupita, mwanangu, ulitakiwa uliwaze kabla hujanunua kufuli.

Haya, tuje kwenye ishu yenyewe, maana maganda siyo ishu. Ishu umeiweka mwishoni kama mtu anayetoa kitu mfukoni akiwa ameshashika kitasa. Mtoto kasema bibi anapika ila mama anachemsha, baba kacheka. Hapo ndipo palipouma, usinidanganye mimi. Kufuli unasema wiki mbili, na kicheko unasema kilitokea kabla ya kufuli, ungeandika na siku nina hakika zimefuatana. Na ukweli wa mtoto ni ukweli, mtu anayerudi saa moja usiku amechoka atapika nini zaidi ya kuchemsha? Sikulaumu kwa kuchemsha. Nakulaumu kwa kuwa mtoto wa miaka 9 kakupita hatua moja ukaona bora mlango ufungwe wote mkose.

Sufuria sasa. Mama mkwe wako hakuiharibu kwa makusudi. Sisi wa umri ule tumepita kipindi cha 1983, sabuni ni foleni, sukari ni foleni, sufuria ilisuguliwa na majivu au mchanga mpaka ujione sura, na mkwe mwenye sufuria nyeusi alisemwa ukoo mzima. Kwa hiyo yeye kaikuta sufuria nyeusi ndani kwa mkamwana wake, akaona aibu kwa niaba yako, akaifanyia usafi. Nimecheka peke yangu nilipofika hapo, nisamehe. Ungemwambia tu siku ya kwanza, "mama, hii weusi wake ndo dawa yake, tunaiosha na sponji laini na tunakorogea mwiko wa mti", angeelewa. Ulimwambia? Au ulinunia sufuria siku tatu ukitegemea ajue mwenyewe?

Na hili la mtoto wa kiume kushinda jikoni limenishangaza kuliko yote, maana umeolewa na mtu wa mlimani. Muulize mumeo wakifika kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee, upepo unang'oa mahema, wageni wanapewa supu ya moto na wali, nani anapika. Wapishi wa mlimani karibu wote ni wanaume, na kikosi kikiwa na mpishi mbovu wageni hawafiki kileleni, mumeo anajua. Desemba mkipanda Kibosho mbuzi anachinjwa na nani, kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kinapikwa na nani? Na chipsi unazonunua ukirudi kazini (usiniambie hununui) anakaanga nani kama si kijana wa kiume? Kwa hiyo mwanaume akipika akalipwa ni sawa, akimpikia mdogo wake ndo anaharibika?

Yaani ndoa za siku hizi zina kitu sikielewi. Watu wanakopa waweke tailizi, wanunue kabati la vyombo lenye vioo, jiko la gesi plate nne, halafu kwenye hilo jiko hakipikwi kitu kitakachorukia ukuta. Nyumba inatunzwa kama sebule ya kupigia picha. Chakula kinaletwa na bodaboda kwenye mfuko, mnakula kila mtu na simu yake, jiko linang'aa, na mkigombana hamna hata harufu ya kitu cha kuwavuta wote mezani. Mama zetu walipika kwenye mafiga matatu, moshi umejaa, kuta nyeusi, lakini mtoto alikaa pale kwenye kigoda akisikia habari zote za ukoo kabla ndizi hazijaiva. Mi mwenyewe mtori nilifundishwa na mama mkwe, si mama yangu, na alinifokea kweli kweli, kwamba nyama ichemke mpaka ilainike kwanza ndo ndizi ziingie, na kwamba uitoe pembeni kabla ya kupekecha. Leo hayupo, na kila nikipekecha ninamsikia. Sasa nimetoka nje ya mada, nirudi.

Kuna mahali pamoja tu uko sahihi, na ajabu ndo umepaandika kwa maneno machache kuliko sufuria. Jiko la mkaa ndani. Hilo hapana, hata kama ni mwezi wa saba na baridi la Moshi linauma mifupa. Mkaa ukiwaka kwenye nyumba iliyofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu anasikia kichwa kizito, anasinzia, na anaweza asiamke. Bibi kazoea jiko la kule juu, la mbao lenye mianya, moshi unatoka wenyewe. Nyumba yako ina madirisha ya vioo. Mkaa ukae uani, moto wa gesi awashe mtu mzima na dirisha liwe wazi, na kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, mafuta ya moto na kuepua sufuria nzito wakusubiri wewe ufike. Hili ndilo lilikuwa la kugombea, ukagombea kabati.

Unafanya hivi. Kufuli linatoka leo, si kesho. Unakwenda kwa mama mkwe kabla mumeo hajashuka mlimani, unakaa chini, unasema "mama nisamehe, nilichoka nikafanya vibaya", usiongeze "lakini". Akikaa kimya usikimbie, kaa hapo hapo. Ijumaa ukitoka kazini pita soko la Mbuyuni ununue ndizi mshare mbichi na nyama yenye mfupa, na siku utakayopata nafasi unaingia jikoni, wewe siyo wa kusimamia, wewe ni mwanafunzi wa pili. Mwache kijana akuonyeshe. Utaona anapaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, kama bibi amemfundisha vizuri, na ndizi anazitumbukiza kwenye ndoo ya maji zisiwe nyeusi. Kama hapaki, mwambie wewe, upate na wewe cha kumfundisha. Gazeti au mfuko wa sandarusi chini, maganda yakiisha yaingie kwenye ndoo apelekewe jirani mwenye ng'ombe, na sheria iwe moja: aliyepika anafuta sakafu, na hiyo sheria aitangaze bibi maana wewe kwa sasa huna kauli.

Mumeo usimwambie kitu kuhusu kumrudisha mama yake. Kukaa kimya kwake siyo kwamba hana la kusema.

Na hilo shati la shule acha kulisugua, utomvu ukishakauka umekauka, utaishia kulitoboa. Mnunulie lingine, hilo lenye madoa litundike nyuma ya mlango wa jikoni, ndo litakuwa lake la kupikia.